Mizani na Mwano: Kiongozi na Mfuasi katika Historia ya Shinyanga na Geita

Historia nyingi tulizosomeshwa shuleni ni historia za viongozi. Tunayajua majina ya watemi, ya magavana na ya mawaziri. Tunaujua mwaka aliotawazwa huyu na mwaka alioondolewa yule. Lakini jina la mkulima aliyesimama mbele ya mizani akasema, "Pimeni tena," na jina la kijana aliyetoka usiku na upinde wake kuitikia kilio cha jirani, hayamo vitabuni. Hata hivyo, bila ya hao hapana uongozi. Mtu anayetangulia njiani hali hakuna anayemfuata, hata akivaa kibangwa cha utemi, ni mpita njia tu.

Katika makala haya tutajaribu kuitazama historia kwa upande wa mfuasi. Tutauliza: watu wetu walimwamini kiongozi kwa sababu gani, waliiondoa imani yao wakati gani, na walifanya nini walipokwisha kuiondoa? Tumechagua kusimama Nyasubi, kata ya mji wa Kahama, kwa kuwa hapo riziki za namna tatu hukutana: mashariki kuna pamba ya Usukuma, kusini tumbaku na asali ya Unyamwezi, na kaskazini dhahabu ya Geita. Njia kuu iendayo Rwanda na Burundi hupita katika mji huo. Mtu wa Kahama, kwa hiyo, amezoea kufanya shughuli na asiyemjua, na suala la nani aaminiwe ni suala la kila siku kwake.

Wataalamu wa nchi nyingine nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1995 Wamarekani watatu, Mayer, Davis na Schoorman, waliandika kwamba mtu humwamini mwenziwe kazini kwa kutazama mambo matatu: uwezo wake, wema wake kwa yule anayemwamini, na uadilifu wake. Likikosekana moja, imani huchechemea. Kabla yao, mwaka 1970, Albert Hirschman alionyesha kwamba mwanachama asiyeridhika ana njia mbili: ama kuondoka, ama kupaza sauti ndani ya chama, na kwamba uaminifu wake kwa chama ndio unaoamua atashika njia ipi na lini. Inafaa tukumbuke kwamba fikra hiyo ilimjia alipokuwa akizitazama reli za Nijeria. Naye Robert Kelley, katika makala yake ya mwaka 1988, aliwasifu wafuasi, akasema kwamba mfuasi bora ni yule anayefikiri kwa akili yake mwenyewe na kutenda bila ya kusukumwa. Tutaona kwamba mambo hayo, ambayo yaliandikwa vyuoni mbali na hapa, wazee wetu waliyatenda bila ya kuyaandika.

Tuanze na utemi. Neno ntemi aghalabu hufasiriwa kutokana na kutema, yaani kukata: kukata pori ili watu wakae, na kukata shauri ili watu wapatane. Katika tawala nyingi za Usukuma na Unyamwezi ya kale, ntemi hakurithiwa na mwanawe. Mrithi alitafutwa miongoni mwa watoto wa dada zake, na waliomteua walikuwa wazee wa ikulu, wale banang'oma waliozitunza siri na ngoma za utawala. Ntemi alidaiwa mvua, mavuno na amani. Ukame ukizidi, au magonjwa yakiandamana, wazee waliweza kumwondoa na kumtafuta mwingine. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika Serikali ya kikoloni, na aliyetoa kitabu chake juu ya ntemi mwaka 1951, aliyaeleza mambo hayo kwa mapana.

Msomaji wa leo atasema kwamba kumdai mtu mvua si haki, kwani mvua haimo mkononi mwa mwanadamu. Ni kweli. Lakini tuuangalie msingi wa desturi hiyo. Ntemi alijua kwamba cheo chake kina sharti, na kwamba wapo watu wenye haki ya kumwuliza. Ghala lake lilikuwa akiba ya watu wakati wa njaa. Alikula pamoja nao, na njaa yao ilikuwa hatari yake.

Sharti hilo lilivunjwa na ukoloni. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria iliyowafanya watawala wa jadi kuwa mkono wa Serikali. Tangu hapo ntemi alilipwa mshahara, alikusanya kodi, na aliyeweza kumfukuza alikuwa Bwana Shauri. Uso wake, ambao zamani ulielekea kwa watu, uligeuzwa ukaelekea bomani. Ilipofika miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika ule Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, watemi walitakiwa kusimamia amri nyingi: kulima kwa matuta ya namna fulani na kupunguza mifugo. Huenda baadhi ya amri hizo zilikuwa na faida kwa ardhi. Lakini zilitolewa na mtu ambaye mkulima hakuweza tena kumwuliza, na kwa hiyo hata lililo jema ndani yake lilikataliwa. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kulipinga baraza la mseto la wilaya walilowekewa bila ya ridhaa yao. Utemi kama chombo cha utawala ulifutwa mwaka 1963. Twaweza kusema kwamba sheria ile ilizika kitu ambacho pumzi yake ilikwisha kukatika, maana wafuasi walikwisha kuondoka.

Walikwenda wapi? Kwa sehemu kubwa walikwenda katika vyama vyao wenyewe; na hapa yafaa tumtaje kiongozi asiyesifiwa sana, naye ni nsumba ntale. Tafsiri yake ni kijana mkubwa. Huyu alichaguliwa na vijana wa kijiji ili kuongoza kazi za pamoja, kama vile kulima mashamba kwa zamu, kujenga nyumba na kubeba mizigo mizito. Hakuteuliwa na ntemi, wala hakuwa na askari. Mtu aliyetaka shamba lake lilimwe alikwenda kwake, na yeye akawaita wenziwe. Asiyeitika mwito alitozwa faini ya chakula kikaliwa na wote. Akiendelea na ukaidi alitengwa, asisaidiwe wala asisalimiwe. Pamoja na vyama hivyo vya kazi palikuwa na vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo vilishindana uwanjani baada ya mavuno, na vyama vya wachezaji wa jembe, Bagobogobo. Kijana wa Kisukuma alipokea mafunzo ya uongozi humo: alijifunza kuongoza watu ambao wangeweza kumwacha kesho wakahamia ngoma ya pili.

Mafunzo hayo yalizaa matunda wakati wa pamba. Katika miaka ya 1940 pamba ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na wenye viwanda vya kuchambulia, ambao wengi wao walikuwa Waasia, kupitia kwa mawakala wao. Mkulima alitembea na mzigo wake kichwani tangu alfajiri. Alipofika, mzigo ulitundikwa kwenye mizani asiyoweza kuisoma, akaambiwa uzito, akapewa fedha. Alishuku kwamba anapunjwa, na mara nyingi shaka yake ilikuwa ya kweli. Lakini angefanya nini? Kurudi nyumbani na pamba yake hakungemfaa, kwa kuwa pamba hailiwi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walifanya jambo dogo lenye busara kubwa: waliweka wapimaji wao wenyewe. Kabla ya kufika kwa mnunuzi, mkulima aliipima pamba yake kwa mizani ya wenziwe, akaujua uzito wake, ndipo akaenda sokoni. Hawakuanza kwa hotuba wala kwa bendera. Walianza kwa ratili. Kutokana na juhudi hizo kilizaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo wengi walilijua kwa herufi zake za Kiingereza, VFCU. Meneja wake alikuwa Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, ambaye alikwisha kufanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, kisha akapelekwa Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Kufikia mwaka 1960 vyama hivyo vilikuwa vikinunua pamba yote ya Jimbo la Ziwa na kumiliki viwanda vya kuichambua. Shirikisho hilo lilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika.

Sasa tuipime imani hiyo kwa vile vigezo vitatu. Uwezo ulikuwapo, kwani Bomani na wenziwe walizijua hesabu na sheria. Wema ulikuwapo, kwani faida ilirudi kwa mkulima. Uadilifu nao ulionekana kwa macho: mizani ilisimama hadharani na kila mtu aliweza kuuliza. Tena kulikuwa na jambo la nne. Katika miaka hiyo TANU ilikatazwa kufanya kazi katika Usukuma, tangu mwaka 1954 hadi 1958, na kwa hiyo ushirika ukawa ndio mahali ambapo mwananchi alijizoeza kupiga kura, kusoma taarifa ya mapato na kumhoji katibu. Madai ya ratili sahihi yaligeuka kuwa madai ya uhuru. Bomani mwenyewe akawa waziri katika Serikali ya taifa.

Tungependa kumalizia hapo, lakini historia haikumalizia hapo. Baada ya Uhuru vyama viliongezwa kwa haraka nchini kote, na sheria ikampa mkulima mnunuzi mmoja tu. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Yule mkulima ambaye zamani aliuchagua ushirika, sasa aliamriwa kuutumia. Mlango wa kuondoka ulifungwa. Na mlango wa kupaza sauti nao ukawa mwembamba, kwa kuwa halmashauri zilijaa jamaa za makatibu, na mikutano ilikuwa ya kusomewa maamuzi. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika iliona kwamba wanachama wengi hawakuzijua haki zao, watumishi wenye ujuzi walikuwa haba, upendeleo na wizi vilikuwamo, na wanasiasa waliingilia mambo. Shirikisho la Victoria liliwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na mahali pake pakaja Nyanza. Kikulacho ki nguoni mwako: mkulima aliyeikimbia mizani ya mgeni aliikuta mizani ya ndugu yake nayo imepinda.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kabisa, na pamba ikanunuliwa na Mamlaka ya Pamba kupitia vijijini. Malipo yalichelewa, na mara nyingine mkulima alipewa karatasi ya ahadi badala ya fedha. Mkulima hakuandamana. Alifanya kile ambacho mfuasi aliyefungiwa milango hufanya: alipunguza shamba la pamba, akaongeza la mahindi na mpunga. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama vikuu kurudi, na mwaka 1984 vikaanza tena, kikiwamo chama kikuu cha Mkoa wa Shinyanga, SHIRECU. Katika mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuvifuta vyama vya ushirika na serikali za mitaa kulikuwa kosa. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Kiongozi anayesema "tulikosea" humrudishia mfuasi hadhi yake, kwani humkubalia kwamba macho yake yaliona sawasawa.

Wakati ushirika umelala, Kahama ilizaa chombo kingine. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 silaha zilitapakaa, na wizi wa ng'ombe na ujambazi ukazidi. Askari walikuwa wachache, vituo vilikuwa mbali, na wananchi walilalamika kwamba mwizi aliyekamatwa Jumatatu alionekana sokoni Ijumaa. Mnamo mwaka 1982, katika vijiji vya Kahama na vya jirani zake, watu walianza kujipanga. Wengine waliwaita Basalama, watu wa amani. Nchi nzima ikawajua kwa jina la Sungusungu, wale siafu weusi wadogo ambao mmoja wao humchekesha mtu, lakini kundi lao humkimbiza.

Mkuu wa kundi aliitwa ntemi, na chini yake walikuwapo makamanda na makatibu. Tazama jinsi jina lililofutwa mwaka 1963 lilivyorudi, safari hii kwa kuchaguliwa. Mwano ulipopigwa, yaani yowe la hatari, kila mwanamume alitoka na upinde na filimbi. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa hadi mpaka wa kijiji, zikakabidhiwa kwa kijiji cha pili, nacho kikazikabidhi kwa cha tatu. Asiyetoka alitozwa faini au alitengwa. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ile tunazikumbuka filimbi za usiku: zilitutisha na kututuliza kwa wakati mmoja. Mtaalamu Ray Abrahams wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye aliifahamu Kahama tangu kabla, aliandika juu yao mwaka 1987, akaonyesha jinsi walivyojengwa juu ya desturi za zamani za ujirani. Msomaji mwenyewe ataiona sura ya nsumba ntale ndani yake.

Baadaye, Brian Paciotti na wenziwe waliwachunguza Wasukuma waliohamia Rukwa pamoja na jirani zao Wapimbwe. Waliwapa watu fedha wazigawane na mtu wasiyemjua, ambaye alikuwa na haki ya kukataa mgawo wote. Wasukuma waligawa kwa ukarimu zaidi. Watafiti hao waliuhusisha ukarimu huo na mazoea ya vyama vinavyovuka mipaka ya ukoo, kama vile Sungusungu. Maana yake ni kwamba imani si tabia ya damu. Ni mazoezi, na hujengwa na vyombo ambavyo watu huvitumia mara kwa mara.

Lakini ingekuwa uongo kuisifu Sungusungu na kunyamaza hapo. Kundi lile lile lililorudisha ng'ombe liliwapiga watuhumiwa bila ya ushahidi, na wengine walikufa. Tuhuma za uchawi ziliingia, na katika mikoa yetu ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee waliuawa kwa kisa cha macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikopika chakula chetu. Tulitafakari jambo hili kwa uchungu. Hapo hapakukosekana imani wala utii. Viliukosa uadilifu kwa yule asiye na mtetezi. Mfuasi aliyeitika mwano bila ya kuuliza "amekosa nini?" alikuwa hodari, lakini hakuwa mfuasi bora. Polisi na mahakama waliwatilia shaka walinzi hao wa jadi, wakati Chama kiliwaunga mkono. Na sheria ya mwaka 1989 ikawapa mamlaka yanayofanana na ya mgambo. Hivyo sheria iliwatambua, na papo hapo ikawawekea mipaka. Mipaka hiyo ndiyo mizani ya nguvu, kama vile ratili ilivyokuwa mizani ya pamba.

Na mizani imerudi tena katika nchi ya dhahabu. Katika maduara ya wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama, wachimbaji wengi hawalipwi mshahara; hungoja mgawo wa mawe yatakayotoka, kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wale wanaoshuka chini. Mtu anayeshuka shimoni huyaacha maisha yake mikononi mwa mshika kamba, na jasho lake mikononi mwa mgawaji. Kwa miaka mingi dhahabu iliuzwa kwa madalali, kila mmoja na mizani yake. Mwaka 2019 Serikali ilianza kufungua masoko ya madini, na Geita ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza, ili madini yapimwe hadharani na bei ijulikane. Mchimbaji wa leo akisimama mbele ya mizani hiyo, anasimama pale pale aliposimama babu yake na mzigo wa pamba, na swali lake ni lile lile.

Basi tumejifunza nini? Kwanza, watu wetu hawakupungukiwa utii wala hawakuuzidisha. Walifuata pale walipoweza kuuliza, wakaacha pale walipozuiwa kuuliza. Pili, kila chombo kilichodumu kilimwachia mfuasi mlango: aidha wa kutoka, aidha wa kusema. Tatu, imani bila ya kipimo huoza, hata kama ilianza kwa nia njema.

Mwalimu anayelisoma jambo hili na wanafunzi wake aanze karibu. Kiranja wa darasa amechaguliwa na nani, na anaweza kuulizwa na nani? Fedha za mfuko wa darasa zinahesabiwa mbele ya nani? Wanafunzi waende kwa wazee wa mitaa yao, wawaulize habari za mizani ya pamba na za filimbi za usiku, na waandike majina ya wale waliosema "Pimeni tena." Majina hayo nayo ni historia ya taifa, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.